Nuru wa Ikutha

Kwa jina lake hakutaka mzaha. Ungemwambia Nuru Ndeti kwamba jina lake ni sawasawa na Mwanga, tofauti ni herufi tu, angekukalisha chini akuchambulie mpaka ujute. Mwanga ni wa taa, angesema, ni wa tochi, ni wa simu ukitafuta kiatu chini ya kitanda. Nuru ni kitu kingine kabisa. Nuru haina swichi. Ndiyo inayomkaa mtu usoni moyo wake ukitulia, na ndiyo maana mgonjwa akipona watu husema nuru imemrudia, na mtu akikuita nuru ya macho yake, hajakuambia wewe ni balbu. Watoto wa chekechea aliowafundisha pale Kasikeu walijua hayo yote kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Vijana wa kanisani nao walikuwa wameyasikia hadi wakawa wanammalizia sentensi.

Na jina lilitoka wapi? Biblia, bila swali. Mama yake, Kalekye, alikuwa shemasi anayeheshimiwa, na alimwambia tangu utotoni kwamba siku aliyomzaa alifungua Kitabu, jicho likaangukia neno hilo, basi. Nuru alikuwa amelisimulia hilo mbele ya watu mara nyingi, kipaza sauti mkononi, na watu wakasema amina. Angeapa kwalo.

Kulikuwa na mambo mawili tu ambayo hayakukaa vizuri, lakini mtu huzoea. La kwanza, Ukambani mtoto hupewa jina la mtu. Binamu zake walikuwa akina Nduku na Kanyiva, na nyuma ya kila mmoja kulikuwa na nyanya mwenye jina hilo, aliyempenda kuliko wengine kwa sababu hiyo tu. Nuru hakuwa na mtu nyuma yake. Akiuliza, mama alimjibu kwamba yeye ni wa Mungu moja kwa moja. La pili, mama alimlea akiitwa aitike "Bee." Neno hilo wenzake walilijua kutoka vitabu vya shule tu, wao wakiitwa husema "eeh" au "nakuja," na walimcheka kwalo mpaka wakachoka. Kalekye alikuwa mtu wa mzaha kwa mambo mengi, lakini kwa hilo alikuwa mkali. Nuru asipoitika bee, aliitwa tena.

Haya, sasa njooni kwenye siku ya ntheo. Kwa asiyejua, ntheo ni wale mbuzi watatu ambao upande wa mwanamume huleta nyumbani kwa msichana. Mmoja huchinjwa hapohapo na watu wa boma wakamla, na akishaliwa, msichana ni mke wa watu, hata pete ikichelewa. Bila ntheo unaweza kupika kwa mwanamume mpaka uone wajukuu na wazee bado watasema mnasaidiana tu. Watu wameokoka, ndiyo, lakini sijaona mchungaji wa huku aliyemwoza binti yake bila mbuzi hao.

Musyimi na watu wake walifika mapema kutoka milima ya Kilungu, na pikapu yao imejaa mbuzi nyuma na magunia ya parachichi. Musyimi ni kijana mtaratibu, mkulima wa matunda, mtu wa kuuliza kitu kimoja na kungoja jibu. Wazee walisalimiana, chai ikaja. Chai hiyo ilikuwa na chumvi badala ya sukari. Watu waliinywa wakitazamana, maana Kalekye alisifika kwa chai, na hakuna aliyethubutu kusema. Yeye mwenyewe tangu asubuhi alikuwa akiingia na kutoka jikoni bila kushika chochote.

Ndeti, baba yake Nuru, alikuwa amefariki zamani, kwa hiyo aliyesimama mahali pake ni kaka mkubwa wa Ndeti, Mbaluka. Huyu ni mzee mwenye sauti kubwa na moyo wa kuku, anayependa shughuli kwa sababu ya kusimama mbele. Alimchagua beberu mweupe, akaamuru majani yatandikwe, vijana wakamlaza mbuzi na kumshika miguu. Nuru alikuwa mlangoni na kitenge kipya, na uso wake, tuseme ukweli, siku hiyo ulikuwa na kile kitu alichozoea kukihubiri. Mbaluka akainama na kisu.

Kalekye akatoka jikoni na mwiko mkononi, akapita katikati ya wageni, akasimama juu ya yule mbuzi.

"Baba Mutindi, weka kisu chini," akamwambia shemeji yake. "Huyo mbuzi akiliwa hapa, mtoto wangu atazika watoto."

Jamani. Mama mmoja wa Kilungu alibaki na kikombe hewani. Kitu hicho kusemwa na mtu yeyote siku ya ntheo ni balaa, na aliyekisema ni shemasi, mama mwenyewe. Mbaluka aliweka kisu chini haraka mno, akajipangusa mikono ingawa haikuwa na kitu.

Waliingia chumbani watatu, Kalekye, Nuru na Mbaluka, mlango ukafungwa. Kalekye aliketi ukingoni mwa kitanda, na mwiko bado kaushika, akaanza kusema akiutazama mwiko. Kabla ya Nuru, alisema, kulikuwa na watatu. Wote walizaliwa Ikutha, kule kusini mwa Kitui ambako yeye na Ndeti walianzia maisha, na wote walizikwa Ikutha kabla ya kuota meno.

Nuru alijua yeye ni mtoto wa pekee. Alikuwa na miaka ishirini na tisa akijua hivyo. Hakujua kwamba alikuwa wa nne.

Mimba ya nne ilipokaribia, mama yake Ndeti hakukubali kukaa tu na kungoja kaburi jingine. Alisema kifo kimeizoea nyumba hii na lazima kidanganywe. Wakamba wa zamani walijua dawa ya hilo. Mtoto anazaliwa, hapewi jina, hafanyiwi furaha. Anatolewa na kuwekwa jalalani kama kitu kisichotakiwa, na mtu wa kwanza kupita, awe wa ukoo mwingine kabisa, anamwokota na kumpa jina. Kuanzia hapo mtoto ni wa aliyeokota. Wazazi wanamlea tu, kama wanaotunza mali ya mwenyewe, mpaka siku watakapopeleka mbuzi na yule mtu aseme kwa kinywa chake kwamba amewarudishia. Kifo kikija kutafuta mtoto wa Kalekye hakimwoni, kwa sababu Kalekye hana mtoto.

"Jalalani?" Nuru akauliza.

Jalalani, kando ya njia ya ng'ombe waendao sokoni, juu ya gunia. Nyanya alijificha nyuma ya kichaka akimlinda. Na aliyepita alikuwa mwanamke Mwislamu, Hasina, mke wa mfanyabiashara wa mifugo aitwaye Hamisi, watu waliokuwa wamehamia Ikutha juzijuzi. Mila hiyo Hasina hakuijua. Aliona mtoto mchanga kwenye takataka, akavua leso yake ya kichwani hapohapo barabarani, akamfunga. Nyanya alipotoka kichakani kumweleza, alisikiliza yote, kisha akasema mtoto ataitwa Nuru, na akiitwa aitike bee kama watoto wa kwao. Kalekye alikuwa na homa wala maziwa hayakutoka, basi Hasina ndiye aliyekuja kumnyonyesha, asubuhi na jioni, hata baada ya Kalekye kupata nguvu.

Na mbuzi wa kumkomboa? Hakwenda. Mwaka ule ulikuwa wa kiangazi, mbuzi walikufa, kisha Ndeti akapata kazi upande wa Makueni na wakahama bila kuaga vizuri. Kasikeu waliokoka wote wawili. Mchungaji wao wa wakati huo alikuwa mkali kwa mambo ya mila, na Kalekye akaona aibu kusema kwamba mtoto wake aliokotwa kwenye takataka na mke wa Mwislamu. Akanyamaza. Halafu siku moja akalikuta lile neno kwenye Biblia, kweli kabisa, na akafurahi kama mtu aliyepotea akapata njia. Akaanza kusema lilitoka humo.

Nuru alikumbuka vipaza sauti vyote. Alikumbuka amina zote. Akaenda dirishani, na ndipo mama yake akasema jambo la mwisho, kwa sauti ya chini. Alisema anajua Nuru ana mimba. Alijua tangu Nuru alipoanza kukimbia harufu ya chai. Kama isingekuwa hiyo mimba, angeendelea kunyamaza hadi kaburini, lakini ntheo inaliwa kwa mwenye msichana, na mwenye msichana hayuko Kasikeu. Watoto watatu amewafukia kwa mikono yake. Hawezi kusimama hapo akitazama mbuzi akiliwa nyumbani pasipo pake, halafu akae angoje aone atakachozaa Nuru.

Mbaluka, aliposikia neno mimba, alitazama dari kwa bidii kama fundi wa mabati. Kisha akakohoa na kusema kwamba wao ni watu waliookoka, mambo hayo yalikwisha, mbuzi achinjwe wageni wale. Alisema vizuri sana. Lakini hakwenda kuokota kisu.

Nuru alikuwa na hasira, na si hasira ndogo. Alitaka kumwuliza mama yake ni siku gani hasa alipanga kumwambia. Alitaka kumwuliza kama huyo Mungu wa moja kwa moja alijua habari za gunia. Lakini alimwona mama yake ameketi pale, mwanamke anayewaombea watu wakapona, akitetemeka mpaka mwiko unagonga fremu ya kitanda, na akajua kwamba hata yeye mwenyewe, msomi wa vyeti na mwalimu wa watoto, hatalala tena usiku hata mmoja mpaka mtoto wake azaliwe na apite umri wa wale watatu. Woga huo ulikuwa umeshamwingia. Hauna dawa ya kusema tumeokoka.

"Twende Ikutha," akasema. "Leo hii. Na mbuzi wote."

Alitoka akamweleza Musyimi pembeni ya pikapu, yote, hata jalala. Wazee wa Kilungu walikuwa wakinong'ona kwamba hii ni dharau na warudi kwao. Musyimi alisikiliza, kisha akauliza kama Kibwezi kuna petroli. Akaanza kuwapandisha mbuzi.

Walikwenda wachache, wengine wakabaki na parachichi. Walishika barabara ya Mombasa hadi Kibwezi, wakakunja kushoto, wakavuka mto Athi, na nchi ikawa kavu na yenye vichaka vya miiba. Kalekye alitazama nje njia nzima. Walipopita mahali fulani kabla ya soko aliinua mkono kidogo kuelekea kwenye vichaka, kama mtu anayesalimia, akaushusha. Nuru hakuuliza. Alishajua ni akina nani.

Ikutha hukuhitaji kuuliza mara mbili. Hasina wa Hamisi? Mama Hassan huyo. Duka lile la rangi ya samawati, karibu na zizi la mnada. Mzee Hamisi alikuwa amekufa, lakini mwanawe Hassan, jamaa mnene mwenye kucheka ovyo, ndiye sasa aliyenunua na kuuza mifugo. Mama yake alikuwa barazani, amejifunika leso, ungo wa ndengu mapajani, akichagua vijiwe. Mwanamke mwembamba, mgumu, wa kukutazama kabla hajakuitikia salamu.

Mbaluka alijua kazi yake ni kusimama mbele, akasimama. Alisalimia, akajitambulisha, akaeleza wanatoka Kasikeu kwa jambo la heri. Kisha akanyoosha mkono kwa Kalekye, akamtambulisha kama anavyotambulishwa kila mahali tangu Nuru azaliwe.

"Na huyu ni Mama Nuru."

Hasina hakuinua uso. Alitoa kijiwe kwenye ndengu, akakitupa chini.

"Mama Nuru ni mimi," akasema.

Hassan, aliyekuwa akiwacheka mbuzi kwenye pikapu, aligeuka. Ilionekana wazi kwamba hata yeye alikuwa hajawahi kusikia hivyo. Na Kalekye, alipoisikia sauti ile baada ya miaka yote hiyo, alipiga magoti pale barazani mbele ya watu wa soko na shemeji yake, jambo ambalo Nuru hakuwahi kumwona akilifanya isipokuwa kanisani. Akaomba msamaha. Akasema mbuzi amechelewa, lakini amekuja. Akaomba tu Hasina aseme yale maneno, kwamba amerudisha mtoto, ili ntheo ya binti iliwe nyumbani kwao na azae salama.

"Siwezi," Hasina akajibu.

Hakusema kwa hasira. Alieleza kama mtu anayeeleza bei. Hayo ya kukomboa ni ya Wakamba, na yeye alimsikiliza nyanya siku ile kwa adabu tu. Kwao mtoto ukimnyonyesha amekuwa wako. Huyo Hassan hapo ni ndugu yake kwa ziwa na hawezi kumwoa hata angetaka. Mbuzi wa kuyatoa maziwa kwenye mwili wa mtu hajazaliwa. Sasa wanataka aseme nini? Kwamba anamrudisha, kama sufuria ya kuazima? Walimhama alfajiri bila neno, akaenda asubuhi kunyonyesha akakuta nyumba tupu, maziwa yakimlowesha nguo. Aliketi kwenye kizingiti chao mpaka jua likawaka.

Nuru alikuwa amesimama tu. Alikuwa amekuja akidhani atamwona mpita njia aliyemtendea wema, na kumbe amekuja kumwona mtu aliyeachwa. Akajikuta anauliza swali lake la siku zote, lile aliloshazoea kulijibu mwenyewe. Akauliza kwa heshima jina lake lilitoka wapi.

Hasina alimtazama kwa mara ya kwanza, na akamtazama sana. Alimwambia neno lenyewe ni la Waarabu, lilizoeleka pwani kwa babu na babu, na Kurani ina sura nzima yenye jina hilo. Waliokuja kuandika Biblia ya Kiswahili walilikuta limeshakaa midomoni mwa watu, wakaliazima. Hilo si siri, alisema, hata Hassan analijua, na Hassan shule ilimshinda.

"Lakini wewe hukupewa neno," akaendelea. "Ulipewa jina la mtu."

Kalekye akainua kichwa pale chini.

Kabla ya Hassan alikuwapo msichana. Alizaliwa mjini Kitui, akakaa miezi saba, akafa kwa homa. Walihamia Ikutha kwa sababu Hasina hakuweza tena kuitazama ile nyumba. Majirani wa Kitui walikuja kumfariji wakimwombea marehemu kama desturi, Mungu amtie nuru kaburini mwake, na kila aliposema mtu hivyo yeye alitaka kupiga kelele, maana Nuru mwenyewe ndiye aliyekuwa kaburini, basi wanamwombea nini tena? Kisha kila mtu akaacha kulitaja jina. Walidhani wanamwonea huruma. Mumewe naye akaacha. Jina likabaki kinywani mwake peke yake, na maziwa yamejaa, na asubuhi hiyo alikuwa akitembea tu, hata hajui anakwenda wapi, alipoona gunia limejongea kwenye takataka.

Hapo ndipo Kalekye alipopata pigo lake. Akakaa chini kabisa. Mwanamke aliyekuwa amekimbia vifo vya watoto, akamficha wake kwa kila njia, kumbe jina alilolipa makazi nyumbani mwake lilikuwa la mtoto aliyekufa. Kwa Kalekye hilo lilikuwa sawa na kukuta kwamba mlango aliofunga kwa miaka yote haukuwa na ukuta pembeni. Nuru aliona uso wa mama yake ukibadilika rangi, na akaogopa kwamba atainuka akimbie, au atasema kitu ambacho hakitasahauliwa.

Lakini Hasina ndiye aliyesema, na sauti yake sasa haikuwa ya bei.

"Nataka kujua kitu kimoja. Ulimwita? Au ulimbadilishia jina mlipofika huko?"

Kalekye alisema alimwita. Hakumpa jina lingine, hata Ndeti alipotaka wamwite kwa jina la mama yake. Alimwita kila siku, asubuhi na jioni, kwa sauti kubwa, hata mtoto akiwa hapo karibu naye, kwa sababu wale watatu walinyamaza akiwa amelala, na yeye aliapa huyu hatanyamaza. Alimwita ili asikie akiitika. Mpaka leo, mtu mzima na kazi yake, humwita kutoka jikoni bila sababu.

"Kwa sauti kubwa," Hasina akarudia.

"Mpaka majirani wanakasirika," Nuru akasema, na machozi yalikuwa yameanza kumtoka bila ruhusa.

"Mwite nisikie."

Kalekye alifuta uso kwa kiganja. Akainuka, akashuka barazani, akaenda mpaka kwenye ukuta wa duka kana kwamba anasimama mlangoni pa jiko lake Kasikeu, akavuta pumzi na kuita. Aliita kwa ile sauti ya nyumbani, ndefu, yenye kupanda mwishoni, hata watu wa zizini wakageuka.

"Bee, mwaitu," Nuru akaitika, kama alivyoitika maisha yake yote, kwa neno la mwanamke huyu mwingine na kwa neno la Kikamba la kumwita mama.

Hasina alijifunika uso kwa leso. Ungo ulimteleza, ndengu zikamwagika baraza nzima, na hakuna aliyeinama kuziokota. Alilia muda mrefu na kwa sauti, kama mtu anayemaliza kazi aliyoiacha katikati, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Mbaluka alivua kofia. Musyimi aliwatazama mbuzi.

Alipofunua uso alimgeukia Kalekye na kumwambia maneno waliyoyafuata, polepole, jinsi nyanya alivyomfundisha siku ile. Alisema mtoto niliyemwokota nimekurudishia, ni wako, mbuzi wake na aliwe kwako. Maziwa siwezi kuyarudisha na wala usiniombe. Kisha akamwita Mama Nuru. Kalekye alitaka kukataa jina hilo, Hasina akamkatiza kwa mkono.

Kwa hiyo mmoja wa wale mbuzi akabaki Ikutha kuwa mbuzi wa kumkomboa Nuru, na wawili wangerudi Kasikeu kuliwa ntheo kesho yake. Wazee wa Kilungu wangelalamika kwamba hesabu imepungua, lakini Musyimi alishasema ataongeza mwingine. Hassan akamchinja yule wa Ikutha kwa taratibu ya dini yake, na Mbaluka, aliyekuwa na wasiwasi kama mtu aliyeokoka anaweza kula, alikuwa wa kwanza kuuliza figo ziko wapi. Kalekye na Nuru walikaa barazani wakiokota ndengu moja moja. Hawakusema mengi. Hasira ya Nuru haikuwa imekwisha, na mama yake alijua, na wote wawili waliokota tu.

Hasina alikuwa ndani akiwasha jiko. Tangu wafike alikuwa amelitamka jina kwa kutaja umama na mtoto aliyezikwa tu. Kumwita mtu hakuwa amemwita. Walisikia sufuria, wakasikia maji. Halafu kutoka ndani ikaja sauti iliyokwaruza, isiyo na uhakika, ikiita kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika zamani.

"Nuru."

Hassan alisimama na kisu mkononi, damu ikidondoka, akautazama mlango. Kalekye aliacha ndengu, akamgusa binti yake begani, akamsukuma kidogo.

"Bee," Nuru akaitika, akainuka, akaingia ndani.